Nairobi Iko Juu, Jiko na Injini Havina Habari

Rubani anayeondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta saa nane mchana haondoki bila kupiga hesabu ya hewa. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, lami imeshachomwa na jua, na hewa inayopita kwenye mabawa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ndege ileile, yenye mzigo uleule, hulazimika kukimbia mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa, na barabara ya kurukia pale Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Madaktari nao hupiga hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani hurekebisha kiwango cha himoglobini, kile kijenzi cha damu kinachobeba oksijeni, kinachotumiwa kumtambua mwenye upungufu wa damu kulingana na mwinuko wa anakoishi, kwa kuwa mwili wa mkaazi wa nyanda za juu hutengeneza himoglobini zaidi ili kufidia hewa.

Baada ya hao wawili, hesabu imekoma. Jikoni haipigwi. Gereji haipigwi. Anayejenga ploti za kukodisha hana habari nayo, na anayeuza pikipiki hana habari nayo. Tumeujenga mji wa mamilioni ya watu kati ya mita 1,600 na 1,800 hivi, kisha tukaendelea kuchoma mafuta na makaa kwa kanuni za ufukweni. Sisemi mwinuko ndio chanzo cha moshi wetu wala vifo vyetu. Nasema unaongeza gharama ya kila kosa tunalofanya na moto, na gharama hiyo haiandikwi popote.

Tuelewane kwanza kuhusu hewa yenyewe, maana hapa wengi huteleza. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa ya Lamu, ni asilimia 21 Nairobi, na ni asilimia 21 kwenye kilele cha Mlima Kenya. Kinachopungua ukipanda ni hewa nzima. Hewa iliyobaki juu ya kichwa chako ni kidogo, inakukandamiza kidogo, na kila lita yake ina molekuli chache. Kutoka Mombasa hadi Nairobi shinikizo hilo hushuka kwa karibu moja ya tano. Ushahidi upo dukani: pakiti ya krispi iliyofungwa Pwani hufika huku imetuna, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani bado inasukuma kwa nguvu ya Pwani.

Tuanze na maji. Sufuria ya Nairobi hutokota kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Ongeza moto mpaka kifuniko kicheze, maji hayatapanda hata nyuzi moja zaidi. Moto wote wa ziada unageuka mvuke na kwenda zake dirishani. Kutokana na hilo wapo wanaoshikilia kwamba maji ya kunywa yachemshwe robo saa au zaidi, ati joto letu ni hafifu. Hawa wanachoma pesa. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa chini sana ya nyuzi 94. Ukifika 70 havimalizi dakika. Ushauri wa kawaida wa afya ya umma ni kwamba maji yakishatokota kwelikweli, dakika moja inatosha, na anayeishi zaidi ya mita 2,000, kama jirani zetu wa Limuru, aache dakika tatu. Basi. Na kama haja yako ni usalama tu, dawa ya klorini haijui mwinuko: unaipima kama chupa inavyoelekeza, unasubiri nusu saa, na hujawasha chochote.

Kuchemsha kupita kiasi kuna madhara mengine kwa wanaotumia visima virefu, yale maji ambayo watu wa Syokimau na Rongai huyaita maji ya chumvi. Miamba iliyo chini yetu ni ya volkano, na maji yanayokaa ndani yake miaka mingi huyeyusha madini ya floraidi. Floraidi haipandi na mvuke. Chukua lita tano zenye miligramu 1.2 kwa kila lita, zichemshe mpaka zibaki nne: sasa zina miligramu 1.5, ambacho ndicho kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Umewasha moto, umelipia makaa, na umeyasogeza maji karibu na hatari. Mtoto anayekunywa maji ya namna hiyo wakati meno ya utu uzima yanaumbika huota meno ya hudhurungi, na dawa ya meno haiyaondolei rangi hiyo. Maji ya bwawa la Ndakaini, yanayolisha sehemu kubwa ya jiji, ni ya mito ya Aberdare na hayana tatizo hili. Lakini mtaa unaopewa maji ya mfereji siku mbili kwa wiki hujaziliza kwa kisima, na anayeuza kwa mkokoteni hakuambii mtungi ule umetoka wapi.

Nyuzi 94 zinatosha kuua vijidudu. Hazitoshi kwa maharagwe. Kulainika kwa maharagwe na mahindi ni kazi ya kemia: gundi inayoshikilia chembe za punje lazima iyeyuke, na kasi ya kazi za namna hiyo, kwa makadirio ya kawaida, huongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi za joto. Ukipoteza sita, chakula kinachohitaji saa mbili Mombasa kinaelekea saa tatu hapa. Ndiyo sababu Nairobi kuna biashara ambayo Pwani haina uzito uleule: akina mama wanaochemsha githeri na maharagwe kwenye sufuria kubwa kandokando ya barabara za mitaa na kuyauza kwa kikombe. Anayenunua kikombe hicho anajua bei ya makaa ya nyumbani kwake vizuri kuliko mchumi yeyote. Wengine hutia magadi, na magadi yanafanya kazi kweli; yana chumvichumvi za sodiamu zinazoilegeza ile gundi. Ila magadi nayo huweza kubeba floraidi, kutegemea yamechimbwa wapi, na yakizidi huharibu ladha na vitamini.

Dawa halisi ya tatizo hili ni sufuria ya presha. Inafunga mvuke, inarudisha shinikizo ambalo mwinuko umeliondoa na kuongeza juu yake, na maji ndani yanafika nyuzi 117 hivi. Kwa makadirio yaleyale, githeri inaiva mara tano haraka zaidi. Serikali imeshughulika na gesi: iliiwekea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2021, ikaipunguza nusu mwaka uliofuata, ikaiondoa 2023, na kila hatua ilikuwa habari ya ukurasa wa mbele. Sikumbuki kiongozi hata mmoja aliyesimama jukwaani kuitetea sufuria ya presha. Katika nyanda za juu chombo hicho ni sera ya nishati, sawa na mtungi wa gesi. Tumekiacha kwenye rafu za supamaketi pamoja na vyombo vya harusi.

Sasa makaa, na hapa naomba nichukue muda wangu.

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapoingia, usiku ukashuka hadi nyuzi 11 au 12, habari ni ileile: familia imekutwa asubuhi hawaamki, jiko katikati ya chumba. Na kila mara majirani husema jambo lilelile, kwamba waliwasha jiko nje, wakasubiri moshi uishe, ndipo wakaliingiza. Walifuata utaratibu wanaoujua. Utaratibu wenyewe ndio uliowaua.

Moshi wa makaa yanapowaka mwanzo ni mvuke na mabaki ya kuni ambayo hayakuchomwa vizuri kwenye tanuri. Unawasha macho, unakohoza, unamfukuza mtu. Ukiisha, makaa yamekolea wekundu na jiko linaonekana safi. Kumbe ndani ya rundo lile kazi mbili zinaendelea. Chini, hewa inapoingia, oksijeni inakutana na kaboni na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo inapopanda katikati ya makaa mekundu hukutana na kaboni nyingine, ikaivuta kwake, na kila molekuli moja ikawa mbili za kaboni monoksidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaouona ukicheza juu ya makaa ni kaboni monoksidi ikiungua ilipopata oksijeni. Iliyobaki bila kuungua inaingia chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Uzito wake unakaribia sana uzito wa hewa, kwa hiyo haitulii sakafuni wala kukwama darini. Aliyelala kitandani na aliyelala kwenye godoro chini wanaivuta sawasawa. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii kitu, kwa kuwa gesi hii huyeyuka kwenye maji kidogo mno.

Ikiingia kwenye damu hushika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anachoka, anadhani ni homa au pombe ya jioni, analala. Kinachoweza kuiondoa kwenye damu ni oksijeni, na hapa ndipo mwinuko unapoingia. Mkaazi wa Nairobi anaanza usiku akiwa na akiba ndogo kuliko wa Mombasa, na hewa ya kumwokoa akitolewa nje nayo ina oksijeni kidogo zaidi kwa kila pumzi. Hata kwenye hewa safi, nusu ya sumu ile huchukua saa nne au tano kutoka. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua kama saa moja na dakika ishirini. Kumpepea mtu uani na kumpa maziwa kunampotezea muda ambao hana.

Nimepiga hesabu ya chumba cha futi kumi kwa kumi, kipimo ambacho kila mpangaji wa Nairobi anakijua, chenye dari ya futi nane. Pwani chumba hicho kina oksijeni ya kilo sita na kidogo. Hapa kina kilo tano. Kilo moja ya makaa mazuri ikiungua yote inataka oksijeni ya zaidi ya kilo mbili. Kama chumba kingefungwa kabisa, jiko lingekula kama theluthi moja ya oksijeni yote ya chumba cha Pwani, na kama sehemu mbili kwa tano za cha Nairobi. Hakuna chumba kinachozibika kabisa, lakini kadiri oksijeni inavyopungua ndivyo makaa yanavyozidi kutoa ile gesi mbaya badala ya hewa ya ukaa. Moto wenyewe huchafuka zaidi kadiri usiku unavyosonga.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Nyumba ya mabati ina nyufa. Baridi inaingia, vumbi linaingia, na gesi inatoka. Familia ikifanikiwa kuhamia ploti ya mawe yenye dirisha la kioo, inaacha nyufa zile nyuma yake, lakini jiko inahama nalo. Hatua ya maendeleo inageuka mtego. Zamani mafundi wa mawe waliweka tundu za hewa juu ya dirisha bila kuambiwa na mtu; siku hizi ukitazama ghorofa mpya zinazopandana Eastlands, tundu hizo ama hazipo ama zimezibwa kwa simiti ili mvua isiingie. Mwenye nyumba anayekataza jiko la makaa kwenye mkataba huku akijua wapangaji wake wanaishi kwa makaa hajafanya chochote ila kujiondolea lawama. Tundu mbili za hewa, moja chini na moja juu, bei yake ni tofali.

Mafundi wa Kamukunji walishaonyesha kwamba jiko linaweza kubadilishwa. Jiko la mabati lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980, lilipunguza makaa ya familia kwa kiasi kikubwa. Lakini lilibuniwa kuokoa makaa. Halikubuniwa kuondoa kaboni monoksidi, na wanaolisifu husahau kusema hivyo.

Gesi ina dosari hiyo pia, ila kidogo: mwali ukiwa wa manjano na sufuria ikipakwa masizi, bana haipati hewa ya kutosha. Isafishwe, tundu zake za hewa zifunguliwe. Nisikae hapo.

Njoo barabarani. Mafuta yetu yamesafishwa mara mbili katika kizazi kimoja. Mwaka 2006 petroli yenye risasi iliondolewa Kenya, baada ya mkutano wa Dakar wa 2001 na kampeni iliyosukumwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikateremsha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hayo ni mafanikio makubwa, na aliyekulia kando ya Jogoo Road enzi za petroli ya risasi anadaiwa kuyashukuru. Lakini yote mawili yalihusu kilicho ndani ya tangi. Namna mafuta yanavyoungua hatukuigusa.

Injini inakula hewa kwa uzito, si kwa ujazo. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa. Gari la kisasa lina kihisi cha oksijeni kwenye eksozi; linajua limefika Nairobi na linapunguza mafuta lenyewe. Kabureta haina kihisi. Inapitisha hewa, hewa inavuta mafuta kupitia tundu la shaba liitwalo jeti, na tundu hilo lilichaguliwa kiwandani kwa ajili ya nchi tambarare. Ukilipandisha Nairobi, hewa imepungua kuliko mafuta yalivyopungua, na mchanganyiko unazidi mafuta kwa asilimia 10 hivi. Inaonekana kidogo. Lakini karibu na kiwango sahihi, asilimia 10 ya mafuta ya ziada hupandisha kaboni monoksidi kwenye eksozi mara kadhaa. Sehemu kubwa ya bodaboda zetu bado ni za kabureta. Mwendeshaji anaona plagi nyeusi, anasikia pikipiki nzito kupanda mlima, anampelekea fundi, fundi anageuza skrubu ya hewa. Skrubu ile hurekebisha injini inapopumzika tu. Pikipiki ikikimbia, jeti kubwa ndiyo inayotawala, na jeti haikuguswa. Kwa hiyo mwenye boda analipia petroli isiyomsukuma popote, na abiria wake anaivuta akiwa nyuma ya eksozi ya mwenzake pale mataa.

Injini ya dizeli ya zamani isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, ni kisa hichohicho kwa rangi nyingine. Pampu inapima mafuta bila kuuliza hewa ni kiasi gani, na mafuta yasiyopata oksijeni hutoka yakiwa masizi. Tazama Waiyaki Way lori linapopanda kuelekea Kikuyu: kila mita linayopanda inalipunguzia hewa, na dereva anazidi kukanyaga. Halafu linafika Grogan, mtaa wa magereji, ambako mwenye gari analalamika halina nguvu, na fundi anaifungua pampu itoe mafuta zaidi. Fundi amejibu swali aliloulizwa. Kilichopungua kilikuwa hewa. Kuongeza mafuta kwenye injini iliyokosa hewa ni kumlisha mtu anayekabwa.

Sheria tunazo, kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014, na magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka. Shida ya ukaguzi ni kwamba moshi mweusi hutoka gari likiwa na mzigo, mlimani, si likiwa limeoshwa na kusimama uwanjani likiwa tupu. Maofisa wawili wenye kipima moshi juu ya mlima mmoja, Jumatatu asubuhi, wangejua zaidi kuhusu hewa ya jiji hili kuliko rundo la vyeti. Wapime pale injini inapokosa pumzi.

Mto Nairobi nao hulipia mwinuko, ingawa ni dhambi ndogo kati ya nyingi unazotendewa. Maji ya nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita yakiwa usawa wa bahari. Hapa hushika kama 7.4. Ndiyo akiba ambayo bakteria hutumia kumeng'enya uchafu. Ikiisha, kazi inachukuliwa na bakteria wasiohitaji oksijeni, nao hutoa ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza ambayo kila anayevuka daraja kuelekea Dandora anaijua. Mto wetu huisha pumzi mapema kuliko mto wa tambarare wenye maji taka kiasi kilekile. Viwango vya maji taka vingeandikwa kwa kuzingatia hilo.

Narudi kwa bodaboda, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko yangekuwa rahisi kuliko kote. Pikipiki nyingi hazishuki melini zikiwa nzima. Huletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa nchini. Jeti ni kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha, na anayeunganisha huikaza kwa mkono. Nairobi, Nakuru, Eldoret, Nyeri, zote ziko juu ya mita 1,500. Kisumu yenyewe iko zaidi ya mita 1,100. Wateja wa Pwani ndio walio wachache. Jeti ya nyanda za juu, yenye tundu dogo zaidi, iwekwe kiwandani iwe ya kawaida, na ile yenye tundu kubwa ifungwe kwenye karatasi pamoja na ufunguo wa pili, kwa ajili ya anayeshuka Mombasa.